Mabati Sita

Nilitoa mabati sita kwa shingo upande,
naibu wa chifu akinitazama, kalamu hewani,
na Chwele nzima ikisubiri nitaje idadi.
Moyoni nikasema: chuo cha ufundi, hapa?
Cha nani? Cha waliofeli.

Nasambu, mtoto wa marehemu dada yangu,
alikuwa amefeli.
Alikuja kuniaga amevaa ovaroli
iliyomzidi mikono kwa vidole vinne.
Nikamwambia kuchomelea vyuma kunapofusha.
Akasema, "Khotsa, hata moshi wa jikoni unapofusha,
na haulipi."

Mimi nina kisiagi.
Zamani kikikohoa nilipiga simu Eldoret.
Fundi alifika kesho, au keshokutwa,
akala kuku, akafungua, akafunga,
akaondoka na ujira, na nauli ya kwenda na kurudi,
na bei ya beringi aliyoapa imetoka Ujerumani.
Pesa ile ilipita Webuye, ikapita Turbo,
haikugeuka nyuma hata kutoa salamu.

Halafu Jumatatu moja, siku ya soko,
foleni ya madebe imefika kwa muuza mafuta ya taa,
kishindo.
Kisha harufu ya mpira unaoungua.
Wanawake hawakunitukana. Walininyamazia.
Mmoja akaliambia debe lake:
"Si ana mtoto wake pale karibu na josho?"

Alikuja kwa baiskeli.
Hakuniamkia mimi, aliiamkia mashine.
Akaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma,
mpini sikioni,
akaniamuru nizungushe kwa mkono, polepole,
naye akafumba macho.
"Beringi ni nzima. Shafti ndiyo imepinda.
Na huu ukanda ulifungwa na mtu mwenye haraka."
Nikamkumbuka yule kuku.

Shafti ikaenda chuoni, kwenye kerezo lao moja
linalosubiriwa kwa zamu kama kinyozi wa Krismasi.
Saa tisa unga ukatoka,
wa moto, ukitutia mvi sote,
hata watoto.

Akaandika risiti. Risiti!
"Elfu moja na mia nne."
Nikacheka. Hakucheka.
"Undugu tutaula jioni na ugali, Khotsa.
Hii ni kazi."

Nililipa, kisha nikazifuata noti zangu kwa macho;
uchoyo una miguu mirefu.
Moja, sikatai, ilipanda basi
kwenda kutafuta fito za kuchomelea.
Moja iliingia kwa Nelima
aliyezipunguza zile mikono za ovaroli,
naye cherehani aliijulia darasa la pili, upande wa dirisha.
Alhamisi mwanawe Nelima akaja na gorogoro mbili za mahindi,
akanipa noti yenye doa la wino pembeni.
Nililijua lile doa. Au niseme nililidhania.

Sitaki kupaka asali.
Watatu waliomaliza naye bado wanacheza bao,
wana vyeti, hawana spana,
na cheti bila spana ni cha kufungia mandazi.
Stima nayo hukatika kerezo likiwa katikati ya wimbo.
Mwalimu wao, Barasa, miezi miwili
amelipwa kwa mazao: maharagwe, maharagwe, ndizi.

Lakini wiki jana mvua ilinikuta njiani
nikajibanza chini ya paa la chuo.
Ndani cheche zilikuwa zinaruka, mtu anapiga nyundo,
msichana mwingine nisiyemjua
ananung'unika kwamba pembe hii si tisini.
Juu, mvua na bati walikuwa wanateta.
Nikainua uso nihesabu yangu sita,
niyatambue, nijue tone langu linapoangukia.

Yote yalikuwa na kutu ileile.